Vifungo vya Baba

Baba aliniachia vyungu ishirini na kimoja,
koti lisilo na kifungo cha pili,
na daftari la mgodini alimoandika, badala ya makaa, maji:
nani kanywa, nani kanyimwa, tarehe gani.

Ostrava, ghorofa ya sita, kibaraza cha vioo.
Chini tramu inakata kona ikilia kama msumeno.
Juu ya ubao wa dirisha, mimea isiyofika kimo cha kidole gumba,
haina jani la kupepea wala shina la kuegemea,
mashavu mawili tu ya kijani yaliyobanana,
na katikati ufa mwembamba,
mdomo wa mtu aliyeapa kutosema.
Yeye aliiita vifungo.

Ukurasa wa kwanza, kwa herufi kubwa:
JUNI, JULAI, AGOSTI: USIWAHURUMIE.

Niliwahurumia.
Julai vioo viliwaka, ngozi zao zikawa karatasi,
kahawia, maganda ya kitunguu,
nikadhani ni kiu, nikanyanyua birika.
Wiki haikuisha, vitatu vikawa uji ndani ya ganda.
Nilipovibonyeza vilitoa harufu ya kisima kilichofunikwa.
Bi Drahomíra wa mlango wa pili alivaa miwani,
akavitazama, hakunipa pole:
"Umemlisha mtu usingizini. Ulitaka asipaliwe?"

Septemba usiku ulianza kuuma vidole.
Daftari: Sasa. Kidogo. Jioni.
Kijiko kimoja kwa kila chungu, mkono ukinitetemeka.
Siku ya tisa ganda la kwanza lilipasuka
na ndani yake kijani kibichi, chenye unyevu,
na penye kimoja wakatoka wawili.
Kwao ni mbali, Namakwaland, katika nyufa za mawe meupe,
ambako mvua huja na baridi.
Huku walibadili miezi,
mazoea hawakubadili.

Sasa naelewa ugomvi wa kila Desemba:
Mama na blanketi mabegani, "Funga dirisha, Vratislav!"
na Baba, mapafu yamejaa vumbi la miaka thelathini,
akiliacha wazi upana wa kiberiti
ili vifungo vipate ubaridi vinaoupenda.
Alikohoa. Hakufunga.

Oktoba nilichukua wembe wake wa kunyolea,
nikaupitisha kwenye moto wa jiko,
nikakata vichwa vinne, kila kimoja na kipande chake cha kikonyo.
Nikaviweka juu ya gazeti, kivulini, siku tano,
kidonda kikauke kabla ya kuonja udongo.
(Hili halimo daftarini. Nililiuliza kwa Bi Drahomíra
nikalipia kwa keki ya mbegu za mpopi.)
Kisha changarawe, mchanga wa mto, kokoto za juu.
Nilikuwa nikivigusa kila asubuhi, najua ni kosa,
hadi asubuhi moja kimoja kilikataa kung'oka.

Mbegu nazo zina ujeuri wake.
Kitumba kikavu, kidogo kuliko punje ya mtama,
ukikidondoshea tone kinafunguka kama nyota,
na vumbi lililomo ndani ndilo mbegu.
Nilipiga chafya. Sijui nilipoteza wangapi.
Waliobaki niliwapanda, nikawafunika kwa kioo cha fremu,
ile iliyokuwa na picha ya harusi.
Januari, nje kumi na mbili chini ya sifuri,
theluji imeziba namba za magari,
nilihesabu nukta arobaini za kijani.
Kesho yake thelathini na moja.
Sikuandika sababu, sikuijua.

Leo ni tarehe nne Juni.
Ngozi zimeanza kusinyaa.
Chini ya mwandiko wake uliolala upande
nimeandika kwa wino mweusi, herufi zangu za kusimama:
Nimenyima.
Birika nimelificha juu ya kabati.
Nalijua lilipo.